Butikampu ya koding: waulize maswali haya kabla hujalipa

Tangazo la butikampu, yaani mafunzo ya haraka ya kuandika programu, likikwambia asilimia 90 ya wahitimu wameajiriwa, usikimbilie kutafuta ada, uliza kwanza 90 ya nani. Ya wote walioanza au ya waliofika mwisho? Na aliyepata kibarua cha wiki 3 naye kaajiriwa? Maana mchezo huwa unachezwa hapo hapo. Flatiron School, butikampu ya New York, ilijitangazia asilimia 98.5, mwaka 2017 mwanasheria mkuu wa jimbo akaibana ikalipa dola 375,000, kumbe kwenye hesabu walitiwa mpaka watu wa mafunzo kazini na wanaojitafutia vibarua wenyewe. BloomTech, butikampu nyingine, ile iliyokuwa Lambda School, ilitangaza asilimia 71 mpaka 86 wakati takwimu zake za ndani zilikuwa karibu na 50, mwaka 2024 serikali ya Marekani ikaishukia.

Kwa hiyo waandikie, kwa maandishi sio kwa simu: darasa lililopita walianza wangapi, na wangapi kati yao wana kazi ya kudumu ya kuandika programu baada ya miezi 6? Wakikujibu kwa picha za wahitimu wanaotabasamu, ushajua.

Ile ya "soma sasa utalipa ukipata kazi" isome mpaka mwisho. Lambda walikuwa wanakata asilimia 17 ya mshahara mpaka ifike dola 30,000, huo ni mkopo tu hata uitwe jina gani.

Halafu njoo kwenye ufundishaji. Uliza anayefundisha kafanya kazi wapi, kuna sehemu mhitimu wa juzi ndo mwalimu wa leo (na yeye anaingia kwenye hesabu ya walioajiriwa, haha). Fungua GitHub (tovuti watu wanakoweka programu walizoandika) za wahitimu kama 5 hivi, ukikuta wote wana programu ile ile ya hali ya hewa, mafaili yana majina yale yale, kilichobadilika ni rangi tu, ujue walikuwa wanakopi mwalimu anachoandika.

Omba pia ukae darasani hata saa moja. We angalia kitu kimoja: mwanafunzi akipata era, yaani programu ikigoma, maandishi mekundu yamejaa skrini, mwalimu anafanyaje? Akivuta kibodi akarekebisha mwenyewe, mwanafunzi hajajifunza kitu. Anayejua kazi atamwambia soma hayo maandishi, yanataja faili gani, mstari wa ngapi, atamwacha ahangaike kidogo.

Wakati unasubiri majibu yao anza na freeCodeCamp, tovuti ya kujifunza koding, ni bure, ukichoka wiki ya pili ada yako bado unayo.