Namna ya Kuigiza Mtindo wa Beatles kwa Mzaha: Mwongozo kwa Bendi za Arusha

Bendi inayotaka kuigiza kwa mzaha Beatles, bendi ya Uingereza ya miaka ya 1960, inapaswa kuanza kwa kusikiliza: jinsi John Lennon, Paul McCartney na George Harrison walivyopanga sauti tatu, gitaa la nyuzi 12 alilolipiga Harrison mwaka 1964, na ngoma za Ringo Starr, ambazo hazijazi kila nafasi. Kisha iweke rekodi kando na kutunga melodi mpya kwa kumbukumbu, kama alivyofanya mwanamuziki Mwingereza Neil Innes alipotunga nyimbo za Rutles, bendi ya mzaha iliyoigiza Beatles, zilizotoka mwaka 1978. Hata hivyo alidaiwa hakimiliki na akalazimika kuachia sehemu ya mapato yake, jambo ambalo kwa maoni yangu halikuwa haki. Kwa hiyo ni vyema kupata ushauri wa Ofisi ya Hakimiliki Tanzania kabla ya kurekodi. Mashairi yahusu mambo ya hapa, kwa mfano mapenzi yaliyoanzia ndani ya daladala ya Kijenge, lakini yaimbwe kwa uzito kamili wa wimbo wa mapenzi, kwa kuwa mwimbaji akicheka kabla ya hadhira, mzaha unapotea. Mavazi yaje mwishoni: suti nne za mtumba zinazofanana zinatosha.