Helmeti ya Baiskeli: Namna ya Kuchagua Inayokaa Kichwani Sawasawa

Mtu anayenunua helmeti ya baiskeli kwa mara ya kwanza hutazama rangi, kisha bei, halafu huligonga gamba la juu kwa kidole kama anayekagua chungu asije akauziwa chenye ufa. Gamba hilo lina kazi yake, kwani huliwezesha kichwa kuteleza juu ya lami badala ya kukwama, lakini mlinzi hasa ni povu gumu jeupe au jeusi lililo ndani yake. Kichwa kinapogonga chini, povu hilo hubonyea, na kule kubonyea hurefusha kidogo muda ambao kichwa hutumia kusimama, hivyo mshtuko unaoufikia ubongo hupungua. Povu likishabonyea halirudi lilivyokuwa. Vile visponji laini vinavyogusa ngozi ni vya kustarehesha na kunyonya jasho tu, wala havikingi chochote; kwa hiyo usivutiwe na helmeti kwa sababu ina sponji nene.

Kabla ya kutazama bei, jua kipimo cha kichwa chako. Chukua futi ya kamba kama ile ya fundi cherehani, uizungushe kichwani ikipita kiasi cha sentimita 2 na nusu juu ya nyusi, juu kidogo ya masikio, na katika sehemu ya kisogo iliyotokeza zaidi. Pima mara tatu na uchukue kipimo kikubwa kuliko vyote. Asiye na futi ya kamba anaweza kutumia uzi wa kawaida kisha akaulaza juu ya rula. Mwenye nywele zilizosukwa au kufungwa apime akiwa na mtindo uleule anaoendeshea baiskeli, na anayevaa kitambaa chepesi kichwani apime akiwa amekivaa. Kofia nene chini ya helmeti haifai, kwa kuwa huiacha ikielea. Linganisha kipimo chako na sentimita zilizoandikwa ndani ya helmeti au kwenye boksi lake, wala usitegemee herufi za S, M na L peke yake, maana M ya kiwanda kimoja inaweza kukubana na ya kingine ikakupwaya.

Kipimo peke yake hakitoshi, kwa sababu vichwa viwili vyenye mzunguko wa sentimita 57 vinaweza kuwa na maumbo tofauti kabisa, kimoja cha mviringo na kingine kilichorefuka kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni. Helmeti ikikubana kwenye paji na kisogo huku ikiacha nafasi kwenye panja, imeumbwa kwa kichwa cha mviringo kuliko chako. Ikikubana kwenye panja huku ikicheza mbele na nyuma, kasoro ni kinyume chake. Hakuna sponji la kuongeza litakaloponya kasoro hiyo, na dawa yake ni kujaribu helmeti ya muundo mwingine. Ivae dukani kwa muda wa dakika 10 hivi bila kumwonea haya muuzaji, kisha ivue na ujipapase kwenye paji la uso. Ukikuta sehemu moja imeacha alama au inauma, maumivu hayo yatazidi ukiwa safarini, na helmeti inayouma huishia kuning'inizwa kwenye usukani.

Sasa ijaribu ipasavyo. Iweke kichwani ikiwa imelala sawa, ukingo wake wa mbele ukiwa upana wa vidole viwili juu ya nyusi, kisha kaza kile kigurudumu kidogo cha kisogoni. Kabla ya kufunga mkanda, inama na utikise kichwa. Inapaswa kubaki mahali pake. Halafu rekebisha mikanda ya pembeni ikutane chini kidogo ya kila sikio na kufanya umbo la V, na ufunge kishikizo chini ya kidevu kiasi cha kuacha nafasi ya kidole kimoja au viwili. Panua mdomo kama unayepiga miayo, nawe unapaswa kuhisi helmeti ikivutwa chini kwenye utosi. Mwisho, isukume kwa kiganja kutoka mbele kuelekea juu. Helmeti yangu ya kwanza, ambayo nakiri niliichagua kwa rangi yake, ilishindwa jaribio hili kwa aibu: ilirudi kisogoni na kuliacha paji lote wazi, nami nilikuwa nimeivaa hivyo kwa miezi kadhaa nikijiona mtu makini.

Kuhusu usalama wenyewe, tafuta lebo ya kiwango iliyobandikwa ndani. EN 1078 ni kiwango cha Ulaya, AS/NZS 2063 ni cha Australia na New Zealand, na CPSC ni cha tume ya usalama wa bidhaa za walaji ya Marekani, ambako tangu Machi 1999 helmeti zote za baiskeli zinazotengenezwa au kuingizwa nchini humo hulazimika kukitimiza. Katika majaribio ya CPSC helmeti huvalishwa kichwa cha bandia na kudondoshwa kutoka kimo cha takribani mita 2 juu ya chuma bapa, na mshtuko unaokifikia kichwa hicho haupaswi kuzidi mara 300 ya nguvu ya mvutano wa dunia. Mikanda nayo hupimwa uimara wake. Lebo inaweza kughushiwa, kwa hiyo isome yote. Helmeti ya EN 1078 huonyesha pia jina la mtengenezaji, kipimo, uzito na mwaka wa kutengenezwa, na ikikosa hayo irudishe rafuni. Ya pikipiki haifai kuwa mbadala, kwani ni nzito na huziba hewa na sauti za barabarani.

Majaribio hayo hayapimi sana ule mshtuko wa kichwa kuzungushwa ghafla kinapogonga kwa pembe. Ndiyo sababu baadhi ya helmeti huwekwa utando wa ndani unaoteleza kidogo, maarufu zaidi ukiwa ni MIPS, uliobuniwa Sweden, unaoruhusu helmeti kusogea milimita 10 hadi 15 juu ya kichwa. Chuo kikuu cha Virginia Tech cha Marekani hupima helmeti kwa mapigo ya namna hiyo na kuzipa nyota, na yeyote anaweza kuyasoma matokeo bure kwenye intaneti. Humo utakuta helmeti za bei ya chini zilizozipita za bei kubwa. Fedha ya ziada mara nyingi hununua wepesi, matundu mengi ya hewa na umbo la kukata upepo. Ni mambo mazuri kwa anayepanda milima kwenye jua, lakini asiye na fedha hizo hajapoteza kinga. Ukitaka nafuu, ulizia toleo la mwaka uliopita au rangi isiyopendwa, lakini achana na helmeti ya mtumba, kwa kuwa huwezi kujua imeshaanguka mara ngapi.

Mtoto asinunuliwe helmeti kubwa kwa matumaini kwamba ataikulia. Kwa wadogo kipo kiwango cha EN 1080, ambacho kishikizo chake cha kijani huachia chenyewe kikivutwa kwa nguvu, ili mtoto asinyongwe na mkanda akinasa mahali anapocheza. Helmeti nyingine zote zivuliwe kabla mtoto hajapanda bembea au mti.

Ioshe kwa sabuni laini na maji, usiipake rangi wala kuifuta kwa petroli au tina, na usiiache ndani ya gari lililofungwa juani. Tume ya CPSC hupendekeza kuibadilisha kila baada ya miaka 5 hadi 10, na mara moja ikiwa imegonga chini kichwa kikiwa ndani, hata kama huoni ufa, kwa sababu povu linaweza kuwa limebonyea chini ya gamba lisilo na mkwaruzo. Unapoitupa, ikate mikanda kwanza, mtu mwingine asije akaiokota na kuivaa.