Kabla hujagusa taimingi ya injini ya boti, pitia haya

Injini inakohoa, haina nguvu, au ukivuta kamba inakurudishia mkono, basi wewe mbio unalegeza bolti za taimingi. Acha kwanza. Taimingi, yaani ule wakati plagi inapotoa cheche pistoni ikiwa mahali fulani, haitembei yenyewe usiku, kuna kitu kimeisogeza au si yenyewe kabisa.

Petroli iwe safi na isiwe na maji. Plagi nzima, gepu kama kitabu cha injini hiyo kinavyosema. Kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, pima silinda zote, kama moja imelala mbali na wenzake funga boksi la spana, hapo tatizo ni lingine. Nyaya za ethi (zinazorudisha umeme kwenye bodi ya injini) zisugue kutu uzikaze, chumvi inakula kimya kimya.

Usiwashe injini kavu hata "kidogo tu", impela ya pampu ya maji ya kupoza ni raba na bila maji inaungua ndani ya sekunde. Na taimingi ya mwendo wa juu haipimwi boti ikiwa nchi kavu na mpira wa bomba, injini isiyo na mzigo inapaa raundi hadi inajivunja. Ipime ndani ya maji, boti imefungwa vizuri, mwingine ashike akselereta wewe ushike taa ya taimingi, ile inayomulika alama kila cheche inapotoka. Kuna injini kitabu kinaruhusu kupima kwa kuzungusha starta tu, fuata kitabu sio fundi wa mtaani. Kama injini ni ya ndani ya boti na inatumia petroli, feni ya kutoa mvuke iende dakika 4 kabla hujapiga ufunguo.

Plagi ukizitoa, nyaya zake ziguse ethi, mbali na matundu. Waya ukining'inia hewani unaweza kuua CDI (kile kiboksi cha kutuma umeme wa cheche), na kwenye tundu la plagi kunatoka mvuke wa petroli, malizia mwenyewe.

Sasa hili la kii ya flaiwili, kile kichuma kidogo kinachokaa kati ya shafti na lile gurudumu zito la juu ya injini, ndo lililonimaliza. Nilifungua flaiwili kubadilisha koili ya pulsa (inayoiambia CDI lini itoe cheche), nikarudisha, nati nikaikaza kwa hisia, si unajua ile ya "imeshika hii". Tena nikapaka grisi kidogo kwenye shafti isije ikashika kutu, nikajiona mjanja. Ikatembea vizuri, hadi siku propela ikagonga mwamba. Tukachomoka, propela imepinda kidogo tu, tukacheka. Kesho yake injini haiwaki vizuri na kamba inarudi kwa nguvu, ikamvuta kijana wangu kiganja kikavimba wiki nzima.

Nikachukua taa ya taimingi. Alama iko pale pale inapotakiwa! Nikasema basi si taimingi, nikafungua kabureta mara mbili, nikanunua CDI, nikanunua koili, siku tatu na hela zimekwenda. Na ikiwaka naendelea kuitumia hivyo hivyo, inagonga gonga kama kokoto kwenye kopo.

Taa haikuwa mbovu, mimi ndo sikufikiria. Alama imechongwa kwenye flaiwili na sumaku zinazoamsha pulsa ziko kwenye flaiwili hiyo hiyo. Flaiwili ikihama juu ya shafti, vyote viwili vinahama pamoja, kwa hiyo taa itakuambia safi wakati pistoni iko kwingine kabisa. Propela ilipogota shafti ikasimama ghafla, flaiwili ikaendelea mbele, kii ikakatika nusu. Na usidharau nusu, shafti ya kipenyo cha milimita 25 ina mzunguko kama milimita 78, milimita 1 tu ni digrii 4 na nusu. Moto ukawa unawahi, pistoni bado inapanda inakutana na mlipuko. Nilipofungua hedi, kichwa cha pistoni kimetobokatoboka kama kimeliwa na mchwa, bado kidogo kipasuke.

Kwa hiyo kabla ya taa, hakikisha alama yenyewe haidanganyi. Toa plagi zote, kwenye silinda namba 1 funga kizuizi cha kuzuia pistoni kabla haijafika juu, zungusha flaiwili kwa mkono polepole mpaka iguse, weka alama, zungusha upande wa pili mpaka iguse tena, weka alama. Katikati ya hizo mbili ndo juu kabisa. Usikisie kwa kijiti, pistoni ikikaribia juu inakuwa kama imesimama utapotea digrii kadhaa bila kujua. Kurudisha nyuma usizidishe, impela haipendi. Kama alama ya flaiwili haikai hapo, ng'oa flaiwili kwa pula (kifaa cha kuvutia), sio nyundo, utazame kii.

Ukirudisha, shafti na tundu vifutwe vikauke, grisi hapana kabisa, maana kinachoshika flaiwili ni ule mbano wa shafti, kii ni ya kuonyesha mahali tu. Nati kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, na kipimo cha kitabu. Kii iwe yake, usichonge ya msumari.

Piga picha kabla ya kulegeza chochote. Kamba ya kuzimia injini iwe mkononi, kamba ya kuwashia usijizungushie kiganjani, flaiwili ikiwa wazi nguo za mikono mirefu na mikufu vua, watoto wakae mbali na propela hata kama gia iko huru.