Mafunjo madogo ya bustani: yapande ndooni, si ardhini

Aliyewahi kupambana na ndago shambani ana haki ya kuiogopa jamii yake yote. Unang'oa majani, vinundu vinabaki chini, na mvua ikinyesha vinachipua upya. Hata hivyo jamii hiyo ina mimea mizuri ya mapambo, tena ya asili ya kwetu. Mmoja ni mafunjo ya kando ya Ziwa Victoria na Naivasha, yanayoweza kupita mita 4. Mwingine ni mdogo, wataalamu huuita Cyperus involucratus, wenye majani yaliyotawanyika juu ya shina kama mwavuli.

Kwa ua wa nyumbani chukua huo mdogo, haupandi sana zaidi ya mita 1 na nusu. Mafunjo makubwa mwachie mwenye bwawa.

Huna haja ya kununua miche mingi, wala kwenda kung'oa kwenye kinamasi. Omba vichwa kwa jirani. Kata kichwa kilichokomaa pamoja na shina kama sentimita 5, punguza majani yake kwa nusu, kisha kigeuze juu chini ndani ya glasi ya maji, mahali penye kivuli. Badilisha maji kila baada ya siku 2 au 3. Baada ya wiki chache utaona mizizi myeupe na vichipukizi vya kijani vikitoka katikati, pale majani yanapokutana na shina.

Pandikiza kwenye ndoo ya lita 20 isiyotobolewa. Tumia udongo wa mfinyanzi wenye samadi kidogo iliyooza vizuri. Samadi mbichi itafanya maji yanuke. Juu tandaza kokoto, unene wa sentimita 5 hivi. Maji yaishie chini kidogo ya uso wa kokoto: mizizi inabaki kwenye unyevu, na mbu hapati dimbwi la kutagia. Kosa hili la kuacha maji wazi naliona kwenye nyumba nyingi.

Ndoo ikae penye jua angalau nusu siku. Ncha zikikauka, kwa kawaida ndoo imekosa maji. Shina lililozeeka likate chini kabisa.

Ndoo ikijaa mashina, kwa kawaida baada ya miaka 2 au 3, toa fungu lote la mashina pamoja na mizizi, ligawe kwa panga na urudishe kipande cha pembeni chenye machipukizi. Mashina yaliyokatwa tandaza chini ya migomba, ila ondoa vichwa kwanza, kwani kichwa kikilala kwenye tope huota.