Kuimarisha na kulegeza mabega kwa mpira wa kufungia mzigo

Kuchuma chai Mufindi, kupalilia viazi Makete, kupakia magunia ya lumbesa, yale yaliyojazwa kupita kiasi, Njombe: siku nzima mikono iko mbele. Kifua kinakaza, misuli ya mgongo wa juu inachoka, mabega yanainama. Ndiyo maana tunasisitiza mambo mawili: bega lilegezwe kwanza, kisha nguvu ijengwe upande wa nyuma, pamoja na ile misuli minne midogo inayoshikilia kichwa cha mfupa wa mkono kwenye kikombe chake. Kunyanyua vizito kusubiri.

Tafuta mpira wa kufungia mzigo, ule wa tyubu ya baiskeli, urefu wa mita moja na nusu hivi, mpini wa jembe, na kanga moja. Ukague mpira kila mara. Ukiwa na ufa, unaweza kukatika ukiwa umeuvuta na kukupiga usoni.

Asubuhi za baridi ya Juni na Julai usianze ukitoka kitandani. Tembea haraka dakika 5, zungusha mabega hadi mwili upate joto.

Kulegeza ni kila siku. Inama, mkono mmoja ushike meza, mwingine uning'inie kama kamba. Uyumbishe mbele na nyuma, kisha duara dogo, sekunde 30 kila upande. Mwendo utoke kiunoni, bega lenyewe litulie. Kisha simama ukitazama ukuta, vidole vikipanda ukutani taratibu hadi pale bega linapoanza kukaza, kaa hapo sekunde 10, shuka. Mara 5 zinatosha. Weka alama ya chaki ulipofika. Mwisho lala chali, shika mpini kwa mikono miwili, viwiko vimebana mbavu, na mkono mzima uusukume ule mgumu kwenda nje, mara 10.

Kujenga nguvu ni siku 3 kwa wiki, ukipumzika siku moja katikati. Zoezi kuu ni hili. Funga mpira kwenye nguzo, usawa wa kiwiko. Simama ubavu kwa nguzo, mkono unaofanya kazi uwe wa mbali. Kunja kiwiko nyuzi 90 na ubane kanga iliyokunjwa kati ya kiwiko na mbavu. Vuta kiganja kutoka tumboni kwenda nje kwa sekunde 2, rudisha kwa sekunde 4. Fanya seti 3 za mara 12. Kanga ikidondoka, kiwiko kimetoka mbavuni: misuli mikubwa imenyang'anya kazi ile midogo, na faida ya zoezi inapungua. Usiuvute mpira kwa nguvu zaidi. Sogea karibu na nguzo ili mpira ulegee. Kurudisha polepole ndiko wengi wanakoharakisha, na kumbe hapo pia misuli na kano hufanya kazi.

Ukimaliza, geukia nguzo, shika ncha mbili za mpira, vuta viwiko nyuma hadi mafupa ya mabega yakaribiane. Seti na idadi ni zile zile. Kosa la kawaida ni mabega kupanda masikioni. Mwambie mtu akuwekee kiganja juu ya bega, kikiinuka, umekosea.

Maumivu madogo, yasiyozidi 3 kati ya 10 (10 ndiyo makali kabisa) na yanayoisha kabla ya kesho yake, yanavumilika. Yakizidi, punguza. Ukifanya seti zote 3 bila kuchoka, kunja mpira mara mbili. Mabadiliko ya kweli huchukua wiki 6 hadi 12.

Usifanye mazoezi haya ikiwa umeanguka na pikipiki na mkono hauinuki, au bega limebadilika umbo: nenda hospitali upigwe picha. Maumivu ya bega yakiambatana na kifua kubana, jasho au kukosa pumzi, huenda ni moyo, usisubiri. Mwenye kisukari ambaye bega lake linazidi kukakamaa, hata mtu mwingine akilizungusha haliendi, amwone mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) mapema. Bega lililoganda huchukua miezi mingi, na kulilazimisha huongeza maumivu.