BioShock kwa anayeanza: namna ya kumwangusha Big Daddy bila kumaliza risasi zote

Kama umezoea magemu ya kukimbia na kumwaga risasi, humu utateseka. BioShock ilitoka 2007, ile iliyoboreshwa picha ikaja 2016, na mpaka leo kuna watu wanaicheza kama vita ya kawaida halafu wanalalamika risasi hazitoshi, wakati gemu yenyewe inakupa muda wote wa kupanga. Stori kwa kifupi: mwaka ni 1960, ndege imeanguka Atlantiki, wewe ndio Jack, umepona, unashuka mpaka Rapture, mji ambao tajiri Andrew Ryan aliujenga chini ya bahari ili watu wenye vipaji wajitawale, hamna serikali hamna dini. Ukifika umeshaoza. Waliobaki wengi ni masplaisa, watu walioharibiwa na ADAM, ile kitu inayobadilisha maumbile. Mengine siyasemi, na we usiende kuyatafuta, hii stori ukishasimuliwa imekwisha.

Mwanzoni kabisa unapewa spana na plasmidi (nguvu ya ajabu unayojidunga mwilini) ya umeme, Electro Bolt. Hizo mbili tu zinatosha masaa kadhaa. Mpige shoti adui, akiganda mtwange spana ya kichwa, risasi weka. Akiwa kasimama kwenye maji ndio raha zaidi, piga maji yenyewe wakaukie wote humo, ila hakikisha we mwenyewe hujasimama humo humo. Moto nao una matumizi yake, mafuta yakimwagika chini yachome. Barafu, yani Winter Blast, inasaidia lakini ukimvunja mtu akiwa ameganda hupati kitu mfukoni mwake, kwahiyo kama una njaa ya vitu usiitumie hovyo.

Pesa mwisho dola 500, ukijaa na unazidi kuokota unapoteza, nunua vitu. Na haki (hack, yani ichezee mitambo ikutumikie wewe) kila mashine unayokutana nayo. Ule mchezo wa mabomba unachosha najua, lakini ukiwa unahaki dunia inasimama hamna anayekupiga, na mashine iliyohakiwa inauza bei chee. Bunduki za kwenye stendi na kamera za ulinzi zipige umeme kwanza ndio usogee uzihaki, zikawe zako. Mashine ya kuponya majeraha ndio tamu kupita zote, ukishaihaki splaisa akikimbilia kujitibu inamuua.

Neptune's Bounty utaagizwa ukachukue kamera ya picha. Wengi wakishamaliza ile misheni wanaisahau, hapo ndipo wanapojinyima. Kila ukimpiga adui picha unajifunza habari zake na unaongezewa nguvu ya kumuumiza, hata Big Daddy. Mpige picha akiwa anajitembelea zake, hana shida na wewe.

Sasa huyo Big Daddy mwenyewe. Lile jitu la nguo za mpiga mbizi HALIKUANZI. Taa zake za usoni zikiwa njano ujue ametulia, unaweza kumfuata nyuma mtaa mzima. Zikiwa nyekundu umeshayataka. Na ukimkuta peke yake usimguse, ADAM, ambayo ndio unanunulia plasmidi na nguvu mpya, anayo yule mtoto anayemlinda, Little Sister, sasa utapigana bure, mfuate mpaka agonge kwenye tundu la ukutani mtoto atoke, ndio uanze. Faida ya kumfuata ni kwamba unaijua njia yake, na ukiijua njia umeshashinda nusu. Tafuta uchochoro anaopita, tega mabomu ya ardhini ya ile bunduki ya gruneti, ukishapata upinde tega na ile mishale ya waya wa umeme, panga hata matano sita mfululizo, halafu kaa upande wa pili umchokoze. Mwenye drili atakuja mbio moja kwa moja, atapita kwenye mitego yote. Yule mwenye bunduki ya misumari, Rosie, anapenda kupiga kwa mbali, huyo jifiche nyuma ya nguzo, umchungulie. Akibaki na damu kidogo ndio unatumia risasi za kutoboa chuma, sio hizi za kawaida, za kawaida kwake ni kumkuna. Shoti ya umeme inamgandisha sekunde chache, zitumie kujaza bunduki au kukimbia. Mtoto usimhofie, hadhuriki na mabomu.

Ukifa unaamka kwenye Vita-Chamber, kile kibanda cha kukufufua, na damu uliyompunguza haijarudi, kwahiyo chagua uwanja ulio karibu na moja. Wengine wanaona ni wizi wanazima kwenye setingi. Mimi nasema mara ya kwanza iache.

Jitu likianguka unabaki na mtoto na hapo utaulizwa umwokoe au umnyonye, yani umkamue ADAM yote afe. Kumnyonya ni ADAM 160, kumwokoa 80, watu wanaona hiyo nusu wanaingiwa na tamaa, ila kila ukiokoa watatu unaletewa zawadi yenye ADAM 200 na vikorokoro juu. Watoto wako 21. Piga hesabu: kunyonya wote 3,360, kuokoa wote 3,080, tofauti ni 280 tu gemu nzima, na waliookolewa wanakuletea plasmidi ya kumfanya Big Daddy awe mlinzi wako, ambayo mnyonyaji hapewi. Na mwisho wa stori unabadilika kutokana na hilo. Sioni hata cha kubishana hapo.

ADAM yako ya kwanza nunua nafasi za damu na EVE (ile nguvu inayoendesha plasmidi) kabla ya kukimbilia plasmidi mpya. Mashine za Power to the People zinaongeza silaha kitu kimoja tu kisha zinafunga kabisa, usizipoteze kwenye bastola, anza na shotigani.