Kulainisha kopa na alumini kwa moto kabla ya kukunja

Juzi binamu yangu anayejifunza ufundi wa friji aliniletea paipu ya kopa (shaba) iliyopasuka kwenye kona. Alikuwa ameikunja, akainyoosha, akaikunja tena, kisha akaapa kwamba kauziwa feki. Paipu haikuwa feki, ila ilikuwa imekakamaa.

Atomu za kopa zimepangana kwa matabaka, na elektroni zake za nje hazina mwenyewe. Zinazurura kote, nazo ndizo zinazoshika atomu pamoja. Kwa hiyo ukikunja, tabaka linateleza juu ya jingine na bondi inabaki, si kama chumvi ya mawe ambayo ukiigonga inapasuka. Shida ni kwamba kila mkunjo unavuruga mpangilio, na vurugu hizo zinazuiana: mara ya kwanza paipu inakubali, mara ya tatu inagoma. Moto unazipa atomu nafasi ya kujipanga upya.

1. Toa gesi na mafuta yote. Gesi nyingi za friji zikikutana na mwali zinatoa moshi wa sumu.

2. Pasha kwa tochi huku unatembeza moto, mpaka rangi iwe nyekundu iliyofifia. Fanyia kivulini, maana juani hutaiona. Kopa inayeyuka kwenye nyuzi 1,085, kwa hiyo una nafasi ya kutosha.

3. Iache ipoe. Kopa si kama chuma cha patasi, kwamba ukikitumbukiza majini kinakuwa kigumu. Yenyewe hubaki laini kwa vyovyote. Waya au bati la kopa mimi natumbukiza, ile ngozi nyeusi inabanduka yenyewe. Paipu ya friji usithubutu: maji yakibaki ndani yataganda kwenye kapilari, kile kijipaipu chembamba cha friji.

4. Alumini. Hapa nilipoteza mchana mzima na vipande viwili vya bati. Nilisubiri iwe nyekundu kama kopa. Haiwi! Inayeyuka kwenye nyuzi 660 bila kukuonyesha rangi yoyote ya maana. Tena juu ina ngozi ya oksaidi inayostahimili zaidi ya nyuzi 2,000, hivyo ndani inakuwa uji huku nje umbo limesimama, halafu ghafla linaporomoka kama gunia.

Dawa ni kipande cha sabuni ya mche. Paka upande mmoja, pasha upande wa pili. Mwali ukiigusa sabuni moja kwa moja itaungua kabla bati halijapata moto, nawe utadanganyika. Sabuni ikigeuka kahawia iliyokolea, ondoa tochi papo hapo. Sabuni hazilingani, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa. Kunja siku hiyohiyo, kwani baadhi ya aloi (alumini iliyochanganywa na metali nyingine) hukakamaa tena zenyewe baada ya siku chache. Na sufuria ya kumimina, yaani iliyotengenezwa kwa alumini iliyoyeyushwa ikamiminwa kwenye kalibu, usihangaike nayo, itavunjika tu.

Kuna wanaouza kalamu za kupimia joto. Mimi sijaona sababu ya kuiacha sabuni.

5. Kunja kwa springi ya kukunjia, polepole, kwa mkunjo mmoja tu. Ukihisi mkono unakataa, usilazimishe. Rudi kwenye moto.